Baskeli ya umeme ya bei rahisi kutoka kampeni za mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeona baskeli ya umeme ya dola 400 au 600 kwenye Kickstarter au Indiegogo, majukwaa ya kuchangisha fedha za miradi mtandaoni, na anajiuliza alipe au aache. Majibu yamepimwa kwa hali ya hapa visiwani: chumvi, masika, umeme wa Tukuza, vipuri vinavyopatikana na visivyopatikana, na safari ndefu ya mzigo mpaka bandarini. Msimamo wetu tunautaja mapema. Kuchelewa kunaudhi na bei inaweza kuvumilika, lakini kinachowaumiza wanunuzi wa visiwani ni betri mbovu na baskeli ambayo fundi wa hapa hawezi kuitengeneza. Pima hayo mawili kwanza.

## Nikilipa kwenye kampeni, si nishanunua?

Bado. Umemchangia mwenye mradi, naye ameahidi kukupa baskeli akifanikiwa. Kickstarter inasema wazi kwamba yenyewe si duka na haidhamini ahadi za mwenye mradi. Jukwaa likishakata asilimia 5 yake pamoja na gharama za malipo ya kadi, fedha inakwenda kwa mwenye mradi, na kuanzia hapo mdaiwa wako ni yeye peke yake. Kwenye upatu kijumbe mnamjua na nyumba yake mnaijua. Hapa yuko Shenzhen au California, na hata akiwa mwaminifu anaweza kuishiwa kabla kiwanda hakijafunga katoni la mwanzo.

Angalia pia mfumo wa kampeni. Kickstarter hawamkati mtu yeyote iwapo lengo halikufikiwa. Indiegogo imekuwa na mfumo unaomruhusu mwenye kampeni kuchukua kilichopatikana hata kama ni kidogo. Kwa baskeli jambo hilo ni zito, kwa sababu kiwanda hakiwashi mashine kwa oda ya vipande vichache. Aliyehitaji dola 200,000 akaondoka na 30,000 atalipia nini: fremu, mota au betri?

Mwaka 2015 Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha utafiti uliokuta kwamba asilimia 9 ya miradi ya Kickstarter iliyopata fedha haikuwapa wachangiaji walichoahidiwa. Isome namba hiyo kwa uangalifu. Imechanganya vitabu, michezo, miziki na vifaa, na inahesabu walioshindwa kabisa. Aliyepokea baskeli mwaka mmoja baadaye, ikiwa na betri ndogo kuliko iliyotangazwa, hayumo ndani ya asilimia 9.

## Kwani zipo zilizowafikia watu?

Zipo. Mfano maarufu ni Sondors ya mwaka 2015 kwenye Indiegogo: tairi nene, gia moja, mota ya wati 350 kwenye gurudumu la nyuma, betri ya volti 36, bei dola 499. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 5 na baskeli zikafika kwa watu. Wengi, hata hivyo, walishtushwa na gharama ya usafirishaji, ambayo kwa mkaazi wa Marekani ilikuwa karibu dola 200 juu ya bei.

Sababu moja ya kufanikiwa ni kwamba haikuwa na ubunifu mwingi. Sehemu zake zilikuwa za kawaida na viwanda vya China vilikuwa vimeshazizoea. Kwa mnunuzi wa Zanzibar hiyo ni sifa kubwa kuliko zote. Kampeni inayojisifu kwa fremu isiyo na mfano, mota iliyobuniwa upya na betri ya umbo la pekee inakuuzia baskeli ambayo siku ikikatika kitu kimoja, yote inakuwa chuma chakavu.

## Itanigharimu kiasi gani mpaka mlangoni?

Usitumie bei ya tangazo. Jaza hizi kwanza:

- bei ya baskeli, pamoja na chaja na betri (baadhi ya kampeni huuza betri peke yake);
- nauli mpaka nchi ambayo kampeni inapeleka, kwa kuwa Tanzania mara nyingi haimo kwenye orodha;
- nauli ya wakala kutoka huko mpaka Zanzibar;
- ushuru wa forodha, VAT na gharama za bandari;
- tairi moja na tyubu mbili za akiba, pedi za breki na multimita (kifaa cha kupimia volti).

Katoni ya baskeli ya umeme huwa karibu sentimita 140 kwa 25 kwa 75, yaani mita za ujazo 0.26, na uzito wa kilo 25 hadi 32. Kwa meli wakala anatoza kwa ujazo. Kwa ndege anatoza kwa kipimo kinachozidi kati ya uzito na ujazo: zidisha sentimita hizo, gawa kwa 6,000, unapata karibu kilo 44 za kulipia ingawa mzani unasema 28. Ndiyo maana nauli ya ndege huweza kuikaribia bei ya baskeli yenyewe.

Kwenye forodha, muulize wakala wa kutoa mizigo ataiandika kwa namba gani ya ushuru. Baskeli ya kawaida ni 8712. Yenye mota ya umeme iko 8711.60, pamoja na pikipiki za umeme. Betri ya lithiamu ikija peke yake ni 8507.60. Viwango havilingani, na kuandika baskeli ya mota kama baskeli ya kawaida ni kujitafutia mzigo kuzuiwa. Kwa mzigo wa baharini ushuru hupigwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT inapigwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Weka risiti ya kampeni na ya malipo ya kadi. Mwenye kampeni akiandika thamani ya chini kwa "kukusaidia", atakayeulizwa ni wewe.

Ukimpelekea ndugu aliyeko Ulaya ili akuletee, jua kwamba Umoja wa Ulaya unatoza ushuru wa ziada kwa baskeli za umeme kutoka China tangu 2019. Kama kampeni haikuulipa, utamfika yeye mlangoni. Dubai na Guangzhou kwa kawaida ndizo njia nyepesi.

## Ndugu yangu anakuja kwa ndege. Anaweza kuibeba betri?

Hapana. Abiria anaruhusiwa betri ya lithiamu hadi wati-saa 100, na kati ya 100 na 160 kwa idhini ya shirika la ndege. Betri ndogo ya baskeli ni volti 36 mara ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Hata kuipakia kwenye begi la chini ni marufuku. Kwa mzigo, betri inasafiri kama bidhaa ya hatari: UN 3480 ikiwa peke yake, na namba nyingine ikiwa pamoja na baskeli. Wakala ataomba ripoti ya majaribio ya UN 38.3. Iombe kwa mwenye kampeni kabla ya kulipa. Akikosa karatasi hiyo, basi betri yake haijapimwa au hajui kinachotakiwa kusafirisha bidhaa yake mwenyewe, na yote mawili yanatosha kumwacha.

Wapo mawakala wanaoandika "vipuri" kwenye katoni la betri ili lipite. Usikubali. Moto wa lithiamu ndani ya kontena unaunguza mali za watu wasiohusika, na mzigo uliodanganywa jina bima haiugusi.

## Nitazijuaje namba za uongo kwenye tangazo?

Kwa hesabu ya dakika tano. Tangazo linaweza kupamba picha, lakini uzito na nguvu vina mipaka.

Anza na betri. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Tangazo lisilotaja vyote viwili, likasema tu "betri kubwa", liache. Betri nyingi za baskeli zimejengwa kwa seli ndogo za duara ziitwazo 18650, na kila seli ina uzito wa gramu 45 hadi 50 na hubeba wati-saa 9 hadi 12.6. Betri ya wati-saa 500 inahitaji seli 40 hivi kama ni nzuri, yaani kilo 2 za seli tupu, na pamoja na kasha, waya na sakiti ya ulinzi inafika kilo 2.5 hadi 3. Anayekwambia betri yake ya wati-saa 500 ina kilo 1.5 amekosea moja ya namba hizo mbili.

Njoo kwenye masafa. Baskeli ya umeme ya kawaida, mtu akikanyaga kwa wastani, hula wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita. Kwa akseleta peke yake, bila kukanyaga, hufika 20, na tairi nene zinazidisha. Gawa wati-saa kwa 12 kwa anayekanyaga na kwa 20 kwa asiyekanyaga. Betri ya 360 itakupa kilomita 30 au 18. Tangazo likisema 100 kwa betri hiyo, limepimwa kwa kijana mwepesi anayekanyaga karibu muda wote, njia tambarare, msaada wa mota ukiwa chini kabisa, au halikupimwa.

Mota nayo: uliza wati za kudumu, siyo za kilele. "Wati 1,000" mara nyingi ni kilele cha sekunde chache cha mota ya 350 au 500. Hesabu ya haraka ni volti mara ampea za kontrola, yaani kasha linaloongoza umeme wa mota: 36 mara 15 ni 540, na hicho ndicho kilele halisi.

Kisha chukua picha ya baskeli uitafute kwa picha kwenye mtandao. Ukiikuta fremu ileile kwenye Alibaba, soko la mtandaoni la China, usihuzunike: maana yake fremu ipo, kiwanda kipo, na vipuri vyake pengine vinauzwa na wengine. Cha kuhuzunisha ni kuikuta kwa nusu ya bei huku kampeni inadai imeibuni yenyewe. Kickstarter inataka mradi wa kifaa uonyeshe mfano halisi unaofanya kazi na imekataza picha za kompyuta zinazofanana na kitu halisi. Kwa hiyo tafuta video ndefu isiyokatwakatwa: mtu mzima anapanda kilima, skrini inaonekana, sauti ya mota inasikika. Muziki na machweo havipandi kilima.

Bei ikiwa chini ya dola 400 na betri imetajwa kuwa ya wati-saa 600, jiulize seli zimetoka wapi. Seli mpya za viwanda vikubwa hazipatikani bure. Zilizotolewa kwenye betri za kompyuta zilizokufa, zikavikwa ngozi mpya ya plastiki, zinapatikana karibu bure.

## Betri ya kawaida itanifikisha wapi?

Kwa Unguja, Mjini kwenda Bububu na kurudi ni karibu kilomita 20, na betri ya 360 inakutosha ukikanyaga. Mjini kwenda Fumba na kurudi inakaribia 40, hapo utahitaji kuchaji upande wa pili au kuwa na betri ya wati-saa 500 na zaidi. Mjini kwenda Paje ni karibu kilomita 50 kwa njia moja. Usipange safari hiyo kwa baskeli ya kampeni rahisi, labda kama umejiandaa kusukuma kilo 28 juani.

Pemba ni hesabu nyingine kwa sababu ya milima. Mtu wa kilo 75 na baskeli ya 25 wakipanda mita 50 kwenda juu, betri inatoa wati-saa 20 hivi za ziada. Njia ya Chake Chake hadi Wete, kiasi cha kilomita 30, ina kupanda na kushuka kwingi, kwa hiyo punguza masafa yaliyotangazwa kwa nusu kisha ondoa tena kidogo. Kinachoharibika milimani kwanza ni mota. Mota ndogo ya gurudumu ikipanda polepole inageuza umeme kuwa joto, gia zake za nailoni zinalainika na meno yanaliwa. Kilimani kanyaga kwa nguvu ili mwendo usishuke chini ya kilomita 12 kwa saa, ukishindwa, shuka.

## Hofu ya moto ni ya kweli au ni maneno?

Ni ya kweli. New York peke yake, mwaka 2023, watu 18 walikufa kwa moto uliotokana na betri za lithiamu za vyombo vidogo vya aina hii, na mwaka huohuo mji ukapitisha sheria ya kuzuia kuuza zisizopimwa. Alama za kutafuta ni UL 2849 kwa mfumo mzima wa umeme wa baskeli, au UL 2271 kwa betri. EN 15194 ni kiwango cha Ulaya cha baskeli nzima. Alama ya CE peke yake isikutulize, kwani mtengenezaji hujiwekea mwenyewe.

Fikiria Mji Mkongwe: vichochoro ambavyo gari la zimamoto halipiti, dari za boriti, ngazi moja ya mbao kwa familia tatu. Betri ikilipuka ukumbini chini, walioko juu hawana pa kutokea. Kwa hiyo:

- Usichaji kwenye ngazi, ukumbi wa kutokea wala karibu na mlango. Chagua sakafu ya saruji au vigae, mbali na mikeka, magodoro na mapazia.
- Chaji ukiwa macho na upo nyumbani. Usiku wa manane si wakati wake.
- Baada ya safari, iache betri ipoe nusu saa kabla ya kuichomeka.
- Tumia chaja yake tu. Betri ya volti 36 hujaa kwa 42, ya volti 48 hujaa kwa 54.6. Chaja ya 48 kwenye betri ya 36, hata kama plagi inaingia, ni moto.
- Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika chache utulie. Kile kifaa cha kulinda friji kinafaa pia kwa chaja.
- Soma kibandiko cha chaja kabla ya kuichomeka mara ya mwanzo. Lazima kiandikwe 100–240V. Chaja ya soko la Marekani iliyoandikwa 120V tupu itaungua hapa kwenye 230.
- Badilisha plagi iwe ya pini tatu bapa, imara. Adapta za safari zinazolegea zinapata moto kwa saa tano za kuchaji.

Kasha likivimba, likitoa harufu kali ya tamu-tamu, au upande mmoja ukipata joto zaidi, acha kuitumia na itoe nje kwenye uwazi. Ikishaanza kutoa moshi, usiiguse: toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 114. Kizimamoto kidogo cha unga kinaweza kupunguza miale, lakini seli za ndani zinawaka tena baada ya dakika chache. Zimamoto wakifika waambie mapema kuwa ni betri ya lithiamu, maana itahitaji maji mengi ya kupoza.

## Masika na chumvi zitaifanyaje?

Zitaanza na plagi. Unyevu wenye chumvi unaingia kwenye viunganishi, shaba inaota kutu ya kijani, mota inaanza kukatakata, na watu wanadhani imekufa kumbe ni pini moja. Kabla ya kuipanda mara ya mwanzo, fungua kila kiunganishi, paka grisi ya silikoni kidogo, funga tena. Waya wa mota unaoingia kwenye ekseli uache ulegee na kushuka chini kidogo kabla ya kuingia, ili maji yadondokee kwenye mkunjo huo yasifuate waya mpaka ndani.

Alama IPX4 ina maana ya kustahimili maji ya kurushwa, yaani mvua ya kawaida. Kuvuka dimbwi linalofika kwenye kitovu cha gurudumu haimo. Pwani za Paje na Jambiani, maji yakitoka, zinavutia kuendesha. Mchanga mbichi wa bahari unasaga cheni na pedi za breki na kuingia kwenye beringi. Ukiendesha huko, siku hiyohiyo ioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, na kitambaa, betri ikiwa imetolewa. Mashine ya kuoshea magari usiitumie, inasukuma maji kupita mipira ya kuzuia.

Ulizia spoki za chuma kisichoshika kutu. Zile za kawaida zilizopakwa zinki hazimalizi misimu miwili hapa.

## Vipuri vipi nitavipata hapa na vipi sitavipata?

Mafundi wa Unguja na Pemba wanajua baskeli vizuri sana. Cheni, vikanyagio, tandiko, waya za breki, beringi na tairi za inchi 26 au 28 za upana wa kawaida hazina shida, Darajani na Mwanakwerekwe au Chake Chake. Shida inaanza na tairi nene za 20 × 4.0 na 26 × 4.0, na tyubu zake. Mawe ya matumbawe ya njia za shamba yanachana tairi, na tairi hizo utaziagiza ng'ambo. Spoki za mota ni nene na fupi kuliko za kawaida. Omba kumi za akiba pamoja na oda.

Upande wa umeme, angalia kontrola. Ikiwa ni kasha dogo la pembeni lenye viunganishi vya rangi visivyopitisha maji, fundi yeyote wa elektroniki anaweza kuweka nyingine ya volti na ampea zilezile. Ikiwa imefichwa ndani ya mota au imeunganishwa na skrini kwa lugha ya kampuni moja, huwezi kubadilisha kimoja bila vyote. Betri iwe katika kasha la kawaida linalokaa juu ya bomba la fremu au kwenye keria ya nyuma. Betri iliyomezwa ndani ya bomba, yenye umbo lake pekee, ikifa hakuna mwenye mbadala wake.

Na programu ya simu? Baskeli isiyowaka bila programu inategemea seva za kampuni. Mwezi Julai 2023 VanMoof ya Uholanzi, kampuni iliyokuwa kubwa na yenye baskeli za bei ya juu, ilifilisika, na wenye baskeli wakakimbilia kuhifadhi funguo zao za kidijitali wakihofia seva kuzimwa. Kampuni ya kampeni ni dhaifu kuliko hiyo. Chagua inayowashwa kwa swichi na ufunguo.

## Ikifika, niikague vipi?

Ifanye siku ileile ya kuipokea, video ikiwa inarekodi tangu katoni limefungwa.

Pima betri kwa multimita kabla ya kuchaji. Ya volti 36 ikifika ikisoma 36 hadi 38, ni sawa. Chini ya 30 imelala muda mrefu mno, usiichaji mpaka muuzaji ajibu. Chini ya 25 ihesabu imekufa na ni hatari kuifufua, hata fundi akijitolea. Ikijaa isome kati ya 41.5 na 42.

Kaza nati za ekseli ya mota, na hakikisha kipo kile chuma cha kuzuia ekseli isizunguke. Ekseli ikizunguka ndani ya uma inakata waya wote wa mota kwa mara moja, na gurudumu linaweza kutoka. Kaza tena baada ya kilomita 50. Gusa spoki zote mbili mbili, zilizolegea zikazwe kabla hazijakatika.

Kupima kama betri ina ukubwa uliolipia, tumia mita yako ya Tukuza. Endesha mpaka betri ijizime yenyewe, iache ipoe, zima vitu vyote nyumbani, andika yuniti, chaji mpaka taa ya kijani, andika tena. Betri ya wati-saa 360 inavuta takriban yuniti 0.42, kwa sababu chaja inapoteza kiasi kwa joto. Ikijaa kwa 0.25 umepewa karibu asilimia 60 tu ya ulichoahidiwa, na picha mbili za mita ni ushahidi mzuri wa kudai.

## Imechelewa, au wamenyamaza. Fedha inarudi?

Andika kwanza kupitia jukwaa, kwa adabu, ukitaja tarehe waliyoahidi. Kisha usisubiri sana. Haki ya kupinga malipo ya kadi kupitia benki ina muda, mara nyingi siku 120 tangu tarehe iliyotarajiwa ya kupokea, na taarifa za kila mwezi za "tunakamilisha majaribio" zinaimaliza taratibu. Kwa hiyo lipa kwa kadi ya Visa au Mastercard ya benki inayopokea malalamiko, na uiulize benki utaratibu kabla ya kulipa. Anayekuomba utume fedha moja kwa moja nje ya jukwaa, achana naye hapo hapo.

Dalili za kukimbilia benki: wanaomba nauli ya ziada baada ya kampeni, wanabadilisha mota au betri wakiita "maboresho", wanauza baskeli hiyohiyo kwenye duka lao wakati wachangiaji hawajapata.

Mahakama ni njia ndefu. Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Marekani ilimchukulia hatua mtu aliyechangisha kwa ajili ya mchezo wa mezani akatumia fedha kwa mambo yake. Hukumu ya zaidi ya dola 111,000 ikasitishwa kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulipa. Hukumu hiyo haikuwarudishia wachangiaji fedha zao.

## Inahitaji usajili na leseni?

Nenda Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani kabla ya kuagiza, ukiwa na karatasi ya wati, mwendo wa juu na picha yenye kuonyesha vikanyagio. Baskeli ya wati 250 inayokata msaada kwenye kilomita 25 kwa saa, kama kiwango cha Ulaya, ni rahisi kuielezea. Yenye akseleta inayofika 45 askari ataiona ni pikipiki, na ana hoja. Kofia ngumu vaa kwa vyovyote.

## Kuna njia nafuu yenye hatari ndogo?

Ipo, nasi tunaipendekeza kwa wengi: chukua baskeli imara ya inchi 26 uifunge mota. Seti kamili inakuwa na gurudumu lenye mota ya volti 36 na wati 250 hadi 350, kontrola ya ampea 15, kihisio cha kukanyaga, mikono ya breki inayokata mota, akseleta na skrini. Betri nunua peke yake, ya ampea-saa 10 hadi 13, kwa muuzaji mwenye karatasi za majaribio, na sakiti yake ya ulinzi ihimili ampea 20 au zaidi. Kitu kimoja kikifa unabadilisha hicho tu.

Gurudumu la nyuma ni salama zaidi, nafasi ya uma ikiwa milimita 135. Ukiweka mbele, uma uwe wa chuma, kwani wa alumini unapasuka kwenye ekseli. Baskeli za zamani zenye breki za kuvutwa kwa fito usizifunge mota kabla ya kubadilisha breki. Kwenye rimu ya chuma iliyolowa zinashika vibaya hata kwa mwendo wa miguu.

## Betri ikichoka nifanye nini nayo?

Ikibaki na chini ya nusu ya masafa yake, iachishe kazi. Usiitupe jaani na usimpe mtu aipasue atoe seli za kufungia taa za sola, maana seli zilizolala chini ya volti 2.5 zinaweza kujishoti ndani zikichajiwa tena. Funika ncha zake kwa utepe wa umeme, ihifadhi mahali pakavu pasipo na jua nje ya chumba cha kulala, na unapoagiza mpya muulize muuzaji kama anapokea za zamani. Hata nzima, ukiiacha zaidi ya wiki mbili, iache nusu, volti 36.5 hadi 38 kwa ile ya 36, na ipime kila mwezi. Iliyojazwa pomoni ikakaa kwenye banda la mabati inazeeka kuliko inayotumika kila siku.